Jinsi ya kuacha kumtafuta aliyekuacha: mwongozo kamili wa siku 60

Ujumbe ninaoupata kuliko mwingine wowote ni huu: "Dada, nilifuta namba yake. Siku ya tatu nikamtafuta." Wapo waliofika siku ya tisa, wapo waliofika wiki ya tatu. Mmoja alifika mwezi wa nne, ikaja Idi, akatuma salamu moja tu, na usiku uleule akajikuta amerudi mwanzo. Karibu wote wanamalizia kwa maneno yaleyale: mimi ni dhaifu.

Wewe si dhaifu. Unashindwa kwa sababu unajiapiza, halafu unalala na simu mkononi. Mimi niliapa mara nne na nikashindwa mara zote nne, mpaka nilipoelewa ubongo wangu ulikuwa unafanya nini. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuufuata ubongo huo. Usiruke hatua, hasa ya kwanza, maana ndiyo inayorukwa na wengi.

## Jambo moja la kujua kwanza

Mwaka 2010 Helen Fisher, Lucy Brown, Arthur Aron na wenzao walichapisha utafiti wa watu 15 walioachwa ilhali bado wanapenda. Waliwalaza kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, na kuwaonyesha picha ya yule aliyewaacha. Sehemu ndogo iliyo chini katikati ya ubongo, inayomwaga dopamini, ilichangamka. Dopamini ndiyo kemikali ya kutamani na kufuatilia. Pamoja nayo yaliamka maeneo yaleyale yanayoamka kwa mraibu wa kokeini anapoitamani. Watu hao walisema walikuwa wakimfikiria mhusika kwa zaidi ya asilimia 85 ya muda waliokuwa macho.

Watu wa Pwani wana neno la hali hii, ingawa walilipata kwenye unga, yaani dawa za kulevya: arosto, mateso ya mraibu aliyekosa dozi. Unachokisikia usiku ni arosto. Ukiielewa hivyo, utaacha kujiuliza "kwa nini sina msimamo" na utaanza kuuliza "kichocheo kiko wapi".

Utafiti huohuo una habari njema. Kadiri siku zilivyokuwa zimepita tangu kuachwa, ndivyo eneo linalohusika na kumzoea na kumng'ang'ania mtu lilivyopoa. Siku zinafanya kazi yake, ila ukimtafuta kila wiki unaziingilia. David Sbarra na Robert Emery waliwafuatilia vijana walioachana, siku kwa siku kwa majuma manne, na waliona kwamba wale waliowasiliana na mwenzao wa zamani mapenzi na huzuni vilipungua polepole zaidi.

## Vitu utakavyohitaji

Daftari na kalamu. Usitumie simu kuandikia, kwa sababu simu ndiyo mlango unaotaka kuufunga.

Mtu mmoja wa kukushika mkono: rafiki, shangazi, kaka, somo wako. Awe anayejua kunyamaza na asiyekuwa na urafiki na aliyekuacha. Muombe rasmi. Mwambie: "Kwa siku 60, nikikupigia usiku, pokea."

Boksi lenye mfuniko na gundi ya karatasi.

Flashi ya kuhifadhia picha.

Saa ya kengele ya kawaida, ile ya mezani, ili simu isilale chumbani.

Siku 60 nimeziweka kwa uzoefu wangu na wa wale niliowasindikiza. Hakuna maabara iliyozitoa. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London kuhusu kujenga mazoea ulionyesha kwamba watu walihitaji siku 66 kwa wastani, lakini mmoja alifika kwa siku 18 na mwingine alikadiriwa kuhitaji 254. Usijipime kwa jirani.

## Nani asianze bado

Kama anakutishia, anakufuata au alikuwa anakupiga, mwongozo huu haukutoshi. Anza na usalama: ndugu, polisi, dawati la jinsia.

Kama unawaza kufa, funga ukurasa huu na umwambie mtu sasa hivi, kisha nendeni hospitali leo. Usisubiri ufike hatua yoyote.

Na kama kifua kinabana na pumzi inakata, usiseme "ni mapenzi tu". Madaktari wa Japani walieleza ugonjwa wa moyo unaoweza kuletwa na mshtuko wa huzuni. Chumba cha kushoto cha moyo hutuna mpaka kikafanana na mtungi wa kunasia pweza, na kwa jina la mtungi huo wakauita takotsubo. Nenda ukapimwe.

## Hatua ya 1: Ondoa vichocheo (siku ya kwanza, kwa muda wa saa mbili, mkiwa wawili)

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo yenye uzito.

Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alitumia miaka mingi kurekodi seli za dopamini za nyani. Mwanzoni seli zilifyatuka nyani alipopata tone la sharubati. Baadaye, nyani alipokwisha kujifunza, zilifyatuka mapema zaidi, pale ilipoonekana ishara tu kwamba sharubati inakuja. Mwaka 2003 yeye na wenzake walionyesha jambo la kutisha zaidi: nyani asipokuwa na hakika, yaani akipata mara moja na kukosa mara moja, seli hizo ziliendelea kupanda wakati wote wa kusubiri.

Sasa itazame simu yako. Wakati mwingine anajibu, wakati mwingine anakaa kimya. Leo ameiona status yako, jana hakuiona. Hakuna mtego uliotegwa vizuri kuliko huo.

Kaa na mtu wako mezani, simu iwe katikati, mfanye haya kwa mpangilio:

Mbloki kwenye WhatsApp, kwenye simu ya kawaida na kwenye mitandao yote. Kuficha mazungumzo hakutoshi, kwa kuwa unajua yalipo. Kama una laini ya pili uliyokuwa ukiitumia kuchungulia status zake, mpe mtu wako aishike. Mtafiti Tara Marshall, akiwa Uingereza, aliwahoji watu 464 na akaona kwamba waliokuwa wakichungulia ukurasa wa Facebook wa mpenzi wa zamani ndio waliokuwa na dhiki na hamu kubwa zaidi.

Hamisha picha zote kwenye flashi na umkabidhi mtu wako. Usizifute. Ukizifuta leo kwa hasira, wiki ijayo utazililia, na kumwomba akutumie tena itakuwa sababu ya kumtafuta.

Futa ujumbe wa miamala. Hapa wengi hawapafikirii. Mmefuta mazungumzo yote, lakini ukitafuta risiti ya umeme unakuta "Umepokea Tsh 30,000 kutoka kwa…" na jina lake kamili kwa herufi kubwa. Jina hilo peke yake linatosha kukuharibia jioni.

Kusanya vitu vyake vyote: shati, kikoi, kikombe, chaja. Tia kwenye boksi, ziba kwa gundi, liondoke nyumbani leo likae kwa mtu wako. Shati lisibaki hata moja, hata kama limefuliwa. Harufu ina njia yake ya mkato: hufika kwenye maeneo ya hisia na kumbukumbu bila kupita kwanza kwenye kituo ambacho macho na masikio hupitia. Ndiyo maana unalinusa shati na machozi yanatoka kabla hujawaza lolote.

Badili njia. Kama mlizoea kushukia kituo kimoja, shuka cha mbele yake kwa miezi hii miwili.

Onyo: usimtumie ujumbe wa kumwarifu kwamba unambloki. Ujumbe huo una matumaini ndani yake, na kesho yake utafungua kuona kama alijibu kabla mlango haujafungwa.

### Kama mna watoto

Huwezi kukata kabisa. Acha njia moja: ujumbe mfupi wa kawaida, si WhatsApp, kwa jambo la mtoto tu. Ulinganishe huu na ule.

Usiofaa: "Mambo, natumaini uko salama. Mtoto anakuulizia sana siku hizi, hata jana usiku aliamka. Anahitaji viatu."

Unaofaa: "Mtoto anahitaji viatu vya shule namba 33, Tsh 25,000. Nijulishe kabla ya Ijumaa."

Wa kwanza umetupa ndoana tatu na viatu vimekuja mwisho. Ukimaliza kuandika, msomee mtu wako kabla ya kutuma.

Utajuaje umefaulu: kesho asubuhi utashika simu, na kwa dakika tano za mwanzo hakuna jina lake, sura yake wala sauti yake. Utasikia utupu mbaya. Utupu huo ni dalili kwamba hatua imekwenda sawa.

## Hatua ya 2: Pita kwenye wimbi (siku ya 2 hadi ya 10)

Kosa kubwa hapa ni kujiambia "nisimfikirie". Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia zaidi ya mara moja kwa dakika. Ukijikataza wazo, sehemu ya akili inabaki mlinzi wa wazo hilo, na mlinzi ndiye anayelileta.

Basi usilifukuze. Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Litaje. Sema kwa sauti: "Hii ni arosto. Nina wivu. Nina aibu." Matthew Lieberman alionyesha mwaka 2007 kwamba mtu anapoipa hisia jina, amigdala, kile kitovu cha hofu ndani ya ubongo, hupoa, na eneo la mbele la ubongo linaingia kazini. Taja hisia yenyewe na uishie hapo. "Nina hasira" ni jina la hisia. "Amenifanyia unyama" ni mwanzo wa hadithi, na hadithi inaweza kukukesha.

Hesabu kurudi nyuma. Katika utafiti wa Fisher, baada ya kila picha watu walipewa namba kubwa wahesabu kurudi nyuma kwa saba, ili hisia zisafike. Niliiba mbinu hiyo. Mara ya kwanza ilikuwa saa nne usiku, nimesimama jikoni kwangu, kidole kiko juu ya namba yake ambayo nilikuwa nimeikariri. Nikaanza: 8,421. 8,414. 8,407. 8,400. 8,393. Nilikosea, nikaanza upya, nikakosea tena. Nilipokuwa nimeshuka kwa mia tatu na kitu, chai ilikuwa imepoa na mkono haukuwa tena juu ya simu. Hisia ilikuwapo bado, ila ilikuwa imekaa chini.

Kama baada ya dakika 15 wimbi halijashuka, mpigie mtu wako. Usimweleze upya kisa chote. Mwambie, "Limekuja," na muongelee bei ya nyanya kama hapana budi.

Andika kwenye daftari saa lilipoanza, saa lilipokwisha na kilicholileta. Maneno machache yatosha: "Saa 4:10 usiku hadi 4:35. Nimesikia pikipiki kama yake."

Utajuaje umefaulu: mawimbi yatakuja bado, pengine sita kwa siku. Ila unaona kwenye daftari kwamba kila moja lina mwisho, na umelivuka bila kutuma kitu.

## Hatua ya 3: Uhudumie mwili

Mwaka 2011 Ethan Kross na wenzake waliwachukua watu 40 walioachwa ndani ya miezi sita. Walipotazama picha ya aliyewaacha huku wakikumbuka siku ile, na walipopashwa joto la kuumiza mkononi, maeneo ya ubongo yanayopokea maumivu ya mwili yaliitikia yote mawili. Kwa hiyo anayekwambia "si ungekuwa unaumwa kweli" hajui anachosema. Jihudumie kama mtu aliyeumia.

Usingizi uje kabla ya vingine vyote. Matthew Walker na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba usiku mmoja wa kukesha unafanya amigdala iitikie picha mbaya kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko ya mtu aliyelala. Ukichunguza daftari lako, utakuta siku ulizomtafuta nyingi zilifuata usiku mbaya. Simu ilale sebuleni. Saa ya mezani ikuamshe. Baada ya saa tatu usiku usiamue jambo lolote linalomhusu, hata ukiona ni la maana kiasi gani.

Kula hata kama hakuna hamu. Uji una heshima yake siku hizi. Tembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Pombe iache, kwa kuwa inavuruga usingizi na inalegeza mkono ulioushikilia kwa taabu.

Na uguswe. James Coan aliwaweka wanawake 16 waliokuwa kwenye ndoa ndani ya mashine ya MRI, akawatishia shoti ya umeme. Waliposhika mkono wa mume ubongo ulitulia sana, na hata mkono wa mtu wasiyemjua ulisaidia kiasi. Mwili wako umezoea kushikwa, na sasa hakuna anayeushika. Msuke binti wa jirani au usukwe, mkumbatie mama, mbebe mtoto wa dada yako. Wanaume, hili ni lenu pia. Mnakaa wiki nyingi bila mkono wa mtu begani, halafu mnashangaa kwa nini mnazama.

## Hatua ya 4: Ukurasa wa ukweli (siku ya 10 hadi ya 30)

Ubongo wenye arosto hukuletea picha nzuri tu: safari ya Pangani, alivyocheka, alivyokuita. Sandra Langeslag na Michelle Sanchez walijaribu mwaka 2018 njia tatu kwa watu walioachana: kufikiria kasoro za mwenza, kukubali hisia bila kujilaumu, na kujishughulisha na jambo jingine la kupendeza. Kufikiria kasoro kulipunguza mapenzi, lakini kuliwaacha na majonzi kwa wakati ule. Kufikiria jambo jingine kuliwafurahisha, lakini mapenzi yalibaki palepale.

Ndiyo maana ninakupa njia mbili kwa pamoja, moja baada ya nyingine.

Kila siku, mchana na si usiku, andika kasoro moja kwa dakika kumi. Iwe tukio, lisiwe tusi. "Ni mbinafsi" haisaidii. Huu ni mstari kutoka daftari langu: "Tulishuka Segera saa tatu usiku. Alipata lifti ya mtu mmoja akapanda, akaniambia nitafute basi. Nilimtetea kwa dada yangu kwamba alikuwa amechoka." Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyonifungua macho, nikajiona nilivyokuwa. Andika pia ulivyokuwa unajipunguza.

Ukimaliza, funga daftari na ufanye jambo la furaha papo hapo: mpigie anayekuchekesha, nenda ukanunue mihogo ya kukaanga, angalia mpira. Jambo hilo lipange kabla hujaanza kuandika.

Onyo: ukurasa huu hauendi kwenye status. Ukiuweka hadharani umeugeuza kuwa ujumbe kwake.

Utajuaje umefaulu: kumbukumbu nzuri ikija, ile mbaya inakuja nyuma yake yenyewe, bila kuitwa.

## Hatua ya 5: Ziba nafasi

Fupi hii. Angalia kwenye daftari saa ambazo mawimbi hupenda kuja, uweke kitu kipya saa hizohizo. Kiwe kipya kweli, chenye watu na chenye ratiba: kwaya, madrasa ya watu wazima, kujifunza kuogelea, mazoezi ya jioni ufukweni. Dopamini huitikia kujifunza na mambo yasiyotarajiwa, kwa hiyo kurudia tamthilia uliyokwisha kuiona hakutatosha.

## Hatua ya 6: Ukianguka

Na pengine utaanguka. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyewazoesha mbwa kutoa mate kwa ishara ya chakula, aliona kwamba mbwa aliyeacha kutoa mate kwa ishara isiyoleta chakula, akipumzishwa kisha akasikia tena ishara ileile, mate hurudi. Somo la zamani halifutiki. Linafunikwa na somo jipya, na funiko huteleza hasa unapobadilika mahali au msimu. Ndiyo maana Idi, Krismasi, harusi ya rafiki na wimbo ndani ya daladala vinakukuta siku ya 40 kana kwamba ni siku ya pili.

Ukimtumia ujumbe, usihesabu upya kutoka moja. Siku zako 40 zipo. Fanya mambo matatu kabla hujalala: mwambie mtu wako, funga njia uliyoitumia, na uandike kilichotokea saa moja kabla. Siyo dakika moja kabla, saa moja. Hapo ndipo utaona ulikuwa na njaa, au umetoka kugombana kazini, au ulibaki peke yako nyumbani kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Sikukuu zilizomo ndani ya siku 60 ziandike leo, na ujue utakuwa kwa nani.

## Hatua ya 7: Fungua mlango kwa mwingine

Usiharakishe kwa sababu ya kisasi. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walimweka binti mmoja kwenye daraja la kuning'inia la Capilano huko Kanada. Wanaume waliovuka daraja lile la kutikisika walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko waliovuka daraja imara. Moyo ulidunda kwa hofu, nao wakadhani unadunda kwa ajili yake. Wewe mwenye moyo unaodunda kwa huzuni unaweza kudhani vivyo hivyo juu ya wa kwanza atakayekuwa mpole kwako.

Subiri mpaka uone haya: unalala usiku mzima mara nyingi kuliko unavyokesha, unaweza kusimulia kilichotokea kwa dakika tano bila kutetemeka, na humpimi kila mtu kwa yule.

Mkutane mchana, mahali tulivu. Mbadilishane mazungumzo kwa zamu, kidogo kidogo. Aron alionyesha mwaka 1997 kwamba wageni wawili hukaribiana pale maswali yanapozama taratibu na kila mmoja anajifunua kwa kiasi cha mwenzake. Uliza, "Nani alikulea?" Akishajibu, jibu na wewe. Kisa cha kuachwa kisikae mezani siku ya kwanza.

## Siku ya 60: boksi

Nenda kwa mtu wako, lifungueni mkiwa wawili, mchana. Vitu vya thamani vyake arudishiwe kwa mkono wa mwingine. Shati mimi nilimpa fundi gereji afutie mikono. Wewe fanya unavyoona. Flashi usiifungue siku hiyo. Kama ukilishika boksi mikono inatetemeka, lizibe tena, liache palepale kwa siku 30 nyingine, kisha mrudi mkalijaribu.